Umefukuzwa kazi na sasa una ofa mbili: jinsi ya kuchagua

Mtu aliyefukuzwa kazi akipata ofa mbili kwa pamoja, mara nyingi hachagui. Woga ndio unaomchagulia. Anakubali iliyofika kwanza kwa sababu imefika kwanza, au anachukua yenye cheo kikubwa ili kuwaziba midomo waliomsema. Miezi 5 baadaye yuko nje tena. Mwajiri anayesoma wasifu hulisamehe pengo moja la ghafla, lakini akiona la pili ndani ya mwaka huohuo hasomi tena, anaweka pembeni. Kwa hiyo humu ofa zinapimwa kwa swali moja: ipi kati ya hizi ni kazi unayoweza kuishika miezi 18 hadi 24 bila kuondolewa na bila kukimbia? Mshahara, cheo na umbali vyote vinaangaliwa kupitia swali hilo.

Hatua ya 1: Soma upya karatasi za kazi uliyotoka

Ianze kazi hii kabla hujagusa ofa yoyote. Chukua barua ya kuachishwa kazi na mkataba wako wa zamani, utafute mambo manne.

La kwanza ni sababu iliyoandikwa, neno kwa neno. "Utovu wa nidhamu", "utendaji usioridhisha", "kutothibitishwa baada ya majaribio" na "kupunguzwa kwa wafanyakazi" ni mambo tofauti kabisa, na kila moja lina namna yake ya kuelezwa kwa mwajiri mpya. Kama ulipunguzwa kwa sababu kampuni ilifunga idara, hukufukuzwa. Usijiite mtu aliyefukuzwa, wala usimwachie msaili akuite hivyo.

La pili ni tarehe ya mwisho ya ajira. Iandike kama ilivyo, kwa sababu ndiyo itakayolinganishwa na wasifu wako. La tatu ni malipo: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya notisi, siku za likizo ambazo hukuzichukua, na kiinua mgongo kama unastahili. Usisaini karatasi inayosema "nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote" kabla hujapiga hesabu hiyo mwenyewe, hata kama hundi iko mezani na umeambiwa wanafunga ofisi.

La nne ndilo watu husahau: masharti yanayoendelea baada ya kuondoka. Tafuta kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwa mshindani au kuwahudumia wateja wa zamani. Angalia kinakuzuia kwa muda gani, eneo gani na kazi ya aina gani. Mahakama za nchi nyingi hukataa kifungu kilicho kipana kupita kiasi, lakini usijifariji na hilo peke yake. Barua ya wakili wa mwajiri wa zamani ikimfikia mwajiri mpya ukiwa kwenye majaribio, hatasubiri mahakama iamue; kukuacha ni rahisi zaidi. Kama moja ya ofa zako inaingia kwenye kifungu hicho, mwambie mwajiri mpya sasa, umwonyeshe maneno yenyewe.

Omba pia cheti cha utumishi. Pendekezo Na. 166 la Shirika la Kazi Duniani, ILO, la mwaka 1982, linasema mfanyakazi aliyeachishwa apewe akiomba cheti kinachotaja tu tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi aliyofanya. Tathmini ya mwenendo wake inaongezwa akiiomba mwenyewe. Pendekezo si sheria, lakini nchi nyingi zina kifungu kinachofanana nalo. Ukipewa nafasi ya kuchagua na hukuachana nao vizuri, chukua kile kifupi. Na kama bado uko kwenye kipindi cha notisi, pendekezo hilohilo linataka mfanyakazi apewe muda wa kutosha wa kutafuta kazi bila kukatwa mshahara. Omba kwa maandishi uende usaili. Mara nyingi wanakubali.

Kama unapinga kufukuzwa kwako, angalia leo muda wa mwisho wa kufungua shauri. Sehemu nyingi muda huo huhesabiwa kwa wiki, na hausimami kwa sababu uko kwenye usaili. Kwa kawaida kuanza kazi mpya hakukufutii dai, ila fidia huweza kupungua kwa kuwa mara nyingi inafuata kipato ulichopoteza. Tunza kila barua ya ofa, hata ile utakayoikataa, na uandike kwa nini uliikataa. Upande wa pili unaweza kudai kuwa ulikaa nyumbani kwa hiari yako.

Hatua ya 2: Hesabu siku unazoweza kungoja

Bila namba hii utaamua kwa hofu. Chukua pesa zilizopo mkononi na benki sasa hivi, ugawe kwa matumizi ya lazima ya mwezi: kodi ya nyumba, chakula, shule, dawa, mikopo. Pesa ambazo mwajiri wa zamani ameahidi lakini hajalipa, usizihesabu.

Tuseme una 1,200 na matumizi ya lazima ni 400 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 3, siku 90. Watu wengi huishia hapo na kudhani wana siku 90 za kuchagua. Hawana. Mshahara hulipwa baada ya kufanya kazi, na orodha ya malipo hufungwa siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi; anayeanza tarehe 18 anaweza kujikuta analipwa mwezi unaofuata. Toa siku 45 kwa ajili hiyo. Kati ya kusaini na kuanza kuna vipimo vya afya, uhakiki wa vyeti na tarehe wanayoitaka wao: toa siku 14 nyingine. Zinabaki 31. Pesa za miezi 3 zinakupa mwezi 1 wa kuchagua.

Andika tarehe hiyo kwenye kalenda. Kabla ya hapo una haki ya kuuliza maswali, kungoja jibu la pili, hata kukataa zote mbili. Ikishapita, shughuli inabadilika: unachukua iliyo imara, hata kama si nzuri, na kuendelea kutafuta.

Hatua ya 3: Hakikisha ni ofa kweli

"Tumekupenda, tutakupigia Jumatatu" si ofa. Ofa iko kwenye maandishi, ina jina lako, cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi na jina la mwenye mamlaka ya kuajiri. Kama moja iko kwenye karatasi na nyingine iko mdomoni, bado una ofa moja tu.

Kisha tafuta maneno "kwa masharti ya". Ofa nyingi hutolewa kwa masharti ya uhakiki wa vyeti, vipimo vya afya, au taarifa kutoka kwa mwajiri wa mwisho. Kwa mtu aliyefukuzwa, hilo la mwisho ndilo linalovunja ofa, na huivunja mwishoni, pengine ukiwa umeshaikataa ile nyingine. Uliza moja kwa moja: "Masharti haya yatakamilika lini, na nani atanithibitishia kwa maandishi kuwa yamekamilika?"

Ofa inayokutaka ulipe chochote, iwe ada ya fomu, sare, mafunzo au "kufungua faili", iache. Vivyo hivyo ile inayotaka ubaki bila pasipoti yako halisi, au akaunti yako ya benki ipokee na kupitisha pesa za watu wengine. Matapeli wanajua kuwa aliyefukuzwa juzi hana subira ya kuuliza.

Hatua ya 4: Sema ulivyoondoka, kabla ya kusaini

Ofa iliyotolewa na mtu asiyejua kuwa ulifukuzwa haijakamilika. Fomu ya maombi ikiuliza kama umewahi kuachishwa kazi na ukajibu hapana, umempa mwajiri sababu ya kukuondoa siku yoyote, hata baada ya miaka 2 ya kazi nzuri. Na ukweli hutoka kirahisi: kumbukumbu za michango ya hifadhi ya jamii na karatasi za kodi zinaonyesha mwezi wa mwisho uliolipwa, na mwajiri wa zamani akipigiwa simu huthibitisha tarehe na namna ulivyoondoka hata kama hasemi zaidi.

Usiandike "nilijiuzulu" kama hukujiuzulu. Kama kulikuwa na makubaliano kwamba iandikwe hivyo, yawe kwenye karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya mdomo ya bosi haimfungi ofisa utumishi atakayepokea simu.

Kusema ukweli si kutoa ushahidi wa dakika 20. Sentensi 3 zinatosha: nini kilitokea, kwa nini, na kwa nini hakitajirudia kwenye kazi hii. Kwa mfano:

"Niliachishwa mwezi Machi kwa kutofikisha malengo ya mauzo robo mbili mfululizo. Nilikuwa nimehamishwa kutoka huduma kwa wateja, na kazi ya kusaka wateja wapya sikuiweza kwa kiwango walichotaka. Nafasi hii ni ya kuwahudumia wateja waliopo, kazi niliyoifanya miaka 4 bila onyo."

Ukishamaliza, nyamaza. Wengi huharibu hapa: msaili akikaa kimya wao wanaendelea kujieleza, na kwenye maelezo ya ziada ndimo inapotoka lawama kwa bosi wa zamani. Kama ulifukuzwa kwa kosa la nidhamu, taja aina ya kosa na usilipambe. Kama unalipinga, inatosha kusema, "Nimepinga uamuzi huo na shauri linaendelea, kwa hiyo sitaingia ndani zaidi."

Wakati mzuri ni kwenye usaili wa mwisho au mara tu ofa inapotajwa, kabla hawajapiga simu kule ulikotoka. Ofa ikikufikia kabla hujasema, piga simu siku hiyohiyo. Mwajiri akirudi nyuma kwa sababu hiyo, afadhali arudi sasa kuliko ukiwa na wiki 6 kazini na ile ofa nyingine imeshachukuliwa na mtu.

Hatua ya 5: Omba muda, na uzisogeze ofa zikutane

Ofa mbili ni nadra kufika siku moja. Ya kwanza inataka jibu kesho, ya pili bado iko kwa mkurugenzi. Siku 3 hadi 5 za kazi ni ombi la kawaida ambalo haliwezi kumkera mwajiri mwenye nia. Liandike hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa ofa ya nafasi ya msimamizi wa ghala niliyoipokea leo. Nimeisoma na nafasi hii naipenda. Naomba mnipe hadi Ijumaa saa 10 jioni nimalize kusoma masharti na kuwapa jibu la uhakika. Naomba pia mnitumie rasimu ya mkataba wenyewe na maelezo ya bima."

Angalia kuna siku na saa. Ukiandika "naomba muda kidogo nifikirie" wanasikia kwamba unasita, na wataanza kumtafuta aliyeshika nafasi ya pili.

Siku hiyohiyo waandikie upande wa pili kwamba una ofa ya maandishi inayotaka jibu Ijumaa, na kwamba ungependa kusikia uamuzi wao kabla ya hapo. Usitaje jina la kampuni wala mshahara. Wakijibu "hatuwezi kuahidi", hilo nalo ni jibu. Lihesabu kama hapana mpaka karatasi itakapokuja. Na usizue ofa ambayo haipo. Wakikwambia "basi kaichukue", utabaki huna hata moja.

Mwajiri anayekataa kukupa hata saa 48 kusoma mkataba anakuonyesha mapema jinsi atakavyokuwa anaamua mambo yako.

Hatua ya 6: Linganisha kinachobaki, kwa saa

Usilinganishe mshahara wa kwenye barua. Linganisha kinachobaki baada ya makato na gharama za kwenda kazini, ugawe kwa saa zote ambazo kazi inakuchukua, zikiwemo za njiani. Tazama mfano huu wa mwezi wenye siku 22 za kazi.

Ofa A inalipa 1,000. Makato ya kodi na michango ni 220, inabaki 780. Nauli na chakula cha kununua ni 110, inabaki 670. Kazi ni saa 9 kwa siku na njia saa 2.5 kwenda na kurudi: saa 11.5 mara 22 ni saa 253. Kila saa inakulipa 2.65.

Ofa B inalipa 880. Makato ni 176, inabaki 704. Nauli ni 34, inabaki 670. Kazi ni saa 8 na njia saa 1: saa 9 mara 22 ni saa 198. Kila saa inakulipa 3.38.

Kwenye barua A inaizidi B kwa 120. Mfukoni ziko sawasawa, na A inakula saa 55 zaidi kila mwezi. Saa hizo ndizo ungezitumia kujifunza, kulala, au kufanya kibarua cha pembeni.

Katika hesabu hiyo weka mshahara wa msingi na posho zilizoandikwa kwenye mkataba tu. Kamisheni na bonasi ziwe sifuri mpaka ujue zinavyolipwa. Mwajiri atakwambia mtu wake bora anapata ngapi, wewe uliza, "Mtu wa kati kwenye timu alipata kiasi gani mwaka jana, na wa chini kabisa?" Asipojibu, acha sifuri. Ovataimu nayo uliza kama inalipwa au inafidiwa kwa mapumziko, kwa sababu sehemu nyingine "tunafanya kazi kama familia" maana yake hailipwi.

Bima ya afya ina tarehe yake. Kuna inayoanza siku ya kwanza, na kuna inayoanza baada ya kuthibitishwa kazini, yaani miezi 3 au 6 ukijitegemea. Bima ya kazi ya zamani huenda imeshakatika siku uliyoondoka. Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani au mke mjamzito aiweke gharama ya miezi hiyo kwenye hesabu. Mara nyingi ndiyo inayogeuza matokeo.

Hatua ya 7: Soma vifungu vinavyomuumiza mtu mpya

Mkataba wote usomwe, lakini kwa mtu anayetoka kufukuzwa vifungu vichache ndivyo vya kusoma mara mbili.

Muda wa majaribio: miezi 3 ni ya kawaida, 6 ni mirefu. Angalia kama wanaweza kuurefusha, mara ngapi, na kama wanapaswa kukuandikia sababu. Kifungu kinachosema "mwajiri anaweza kurefusha majaribio kadiri atakavyoona inafaa" kinakuweka mlangoni bila mwisho.

Notisi wakati wa majaribio: ikiwa ni siku 7, maana yake unaweza kurudi nyumbani na mshahara wa wiki 1. Lilinganishe hilo na akiba yako, ambayo kwa wakati huo itakuwa imeisha.

Aina ya mkataba: je, unaajiriwa, au unaitwa mtoa huduma anayeleta ankara? Mtoa huduma kwa kawaida hana likizo ya malipo, hana mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii, na kodi anajilipia. Ofa ya namna hiyo ikikuzidishia 10% tu juu ya ajira ya kawaida, kwa kawaida imekupunguzia.

Mkataba wa muda maalumu si mbaya. Mwaka 1 wenye tarehe ya mwisho unaojulikana unaeleweka vizuri kwenye wasifu, kuliko ajira ya kudumu iliyovunjika mwezi wa nne. Uliza tu mikataba ya waliokutangulia ilihuishwa au la.

Deni la mafunzo: kuna mikataba inayokutaka urudishe gharama za mafunzo ukiondoka kabla ya miaka 2. Hakikisha imeandikwa "ukiacha kazi kwa hiari". Bila maneno hayo wanaweza kukufukuza na kukudai.

Hatua ya 8: Tafuta kwenye kazi mpya kile kilichokuondoa kwenye ya zamani

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inakutaka uwe mkweli mahali ambapo hakuna msaili. Chukua kalamu uandike kwa nini uliondoka. Acha kilichoandikwa kwenye barua, andika kilichotokea. Halafu tafuta kama kitu hichohicho kipo kwenye kila ofa. Asiyefanya hivi huruka majivu akakanyaga moto.

Kama uliondolewa kwa kutofikisha malengo: uliza malengo ya nafasi hii ni yapi kwa miezi 3 ya kwanza, nani anayapanga, na katika watu waliopo ni wangapi waliyafikia robo iliyopita. Timu ya watu 8 ambayo 2 tu wamefikia lengo haina watu 6 wavivu. Lengo ndilo lina kasoro, au bidhaa.

Kama ulikosana na bosi: usikubali ofa yoyote kabla hujaongea na mtu utakayeripoti kwake. Afisa wa rasilimali watu hatakuwa bosi wako. Muulize bosi huyo, "Mtu aliyekuwa kwenye nafasi hii alikwenda wapi?" na "Mtu akikosea hapa, unamwambiaje?" Sikiliza kama anataja utaratibu au anataja majina ya watu. Nafasi iliyopitiwa na watu 3 ndani ya miaka 2 ina tatizo ambalo halitokani na wewe, nawe hutalimaliza.

Kama ilikuwa kuchelewa au kukosa kazini: safari ndiyo ya kupima. Nenda mpaka mlangoni kwao siku ya kazi, saa ileile utakayotakiwa kufika, kwa usafiri uleule utakaotumia, ukiwa na saa mkononi. Njia inayochukua dakika 40 Jumapili inaweza kuchukua dakika 95 Jumatatu. Kama chanzo cha kuchelewa kilikuwa mtoto au mgonjwa wa kuuguza, uliza zamu zinapangwaje na zinatangazwa siku ngapi kabla, kwa sababu zamu inayotangazwa usiku wa kuamkia kazi itakurudisha palepale.

Kama ilikuwa upotevu wa fedha au mali, na hukuiba ila ulishindwa kueleza: chunguza utaratibu wa makabidhiano. Je, funguo za stoo wanazo watu wangapi? Mnahesabu pamoja zamu zinapobadilishana, na mnasaini? Ofa inayokukabidhi sanduku la fedha bila daftari la makabidhiano inakukabidhi na lawama.

Na kama ulipunguzwa kwa sababu kampuni iliishiwa, pima pumzi ya kampuni mpya. Swali lenye jibu wazi ni moja: mshahara wa mwezi uliopita ulilipwa tarehe ngapi, na wa mwezi wa kabla yake? Usimuulize meneja peke yake. Tafuta mtu 1 aliyeko ndani na mwingine aliyeondoka ndani ya mwaka. Aliyeondoka atakwambia mabaya, aliyeko ndani atakwambia mazuri. Yale watakayokubaliana wote wawili ndiyo ya kuyaamini.

Hatua ya 9: Amua kwa kuchuja, si kwa kujumlisha alama

Ushauri unaotolewa sana ni kuchora jedwali, kila jambo ukalipa alama, kisha ukajumlisha. Hatulipendekezi. Mtu aliyeshaipenda ofa moja hubadilisha alama mpaka ishinde, na alama 9 za cheo huficha alama 1 ya mshahara unaocheleweshwa. Tumia mchujo, kwa mpangilio huu.

Kwanza: imeandikwa, masharti yake yametimia, na wanajua ulivyoondoka kazi ya nyuma? Kama sivyo, bado haijafika mezani. Pili: kinachobaki mfukoni kinatosha matumizi yako ya lazima bila kamisheni wala ovataimu? Kama hakitoshi utakopa, na mwenye madeni huondoka kabla ya miezi 18. Tatu: kile kilichokuondoa hakipo, au kipo kwa kiasi ambacho unajua utakikabili vipi?

Ikipita moja, umemaliza. Zikipita zote mbili, angalia bosi wa moja kwa moja na kitu utakachokuwa unakijua baada ya miaka 2 ambacho leo hukijui. Hapo cheo na mshahara wa ziada vinaweza kuingia kwenye mizani, kabla ya hapo hapana. Isipopita hata moja na tarehe yako ya hatua ya 2 haijafika, kataa zote na uendelee kutafuta. Kama imeshafika, chukua ile yenye muda mfupi na notisi fupi kwa upande wako, uite kazi ya mpito mbele ya nafsi yako, na usisaini deni lolote la mafunzo.

Hatua ya 10: Omba marekebisho mara moja tu

Aliyefukuzwa naye anaruhusiwa kujadiliana. Wamekuchagua wakiwa na wengine mezani, na kuanza upya kunawagharimu wiki kadhaa. Ila kusanya maombi yako yote uyalete kwa pamoja, mawili au matatu, kisha ufunge. Anayeomba leo mshahara, kesho nauli, keshokutwa tarehe, huwachosha.

Mshahara ukiwa umekaza kwa sababu ya madaraja yao, omba vitu ambavyo meneja anaweza kuvitoa bila kuomba kibali juu: majaribio yapungue kutoka miezi 6 hadi 3, bima ianze siku ya kwanza, mshahara upitiwe ukithibitishwa, saa ya kuingia isogee dakika 30. Ongea kwa simu, halafu andika siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza, bima itaanza tarehe ya kuanza kazi. Naomba iingizwe kwenye mkataba." Kisichoingia kwenye mkataba hakipo, na aliyekuahidi anaweza kuhamishwa kabla hujamaliza mwezi.

Hatua ya 11: Kubali moja, ndipo uikatae nyingine

Mpangilio ni huu, usiupindue. Kubali kwa maandishi. Subiri mkataba wenye saini za pande zote mbili na uthibitisho kuwa uhakiki umekamilika. Ndipo uwaandikie wale wengine kwamba hutaweza. Kuikataa ya pili ukiwa na ahadi tu ya ya kwanza ndiko kunakowaacha watu mikono mitupu.

Barua ya kukataa iwe na mistari 3: shukrani, kwamba umekubali nafasi nyingine, na kwamba ungependa kuwasiliana nao siku za mbele. Usieleze ubaya wa ofa yao. Usikubali zote mbili ukitegemea kuacha moja siku ya kuanza, maana kwenye fani nyingi maofisa utumishi wanajuana.

Ofa nzuri zaidi ikija baada ya kusaini, angalia notisi ya mkataba uliosaini na kama kuna fidia ya kutofika kazini. Kuondoka bado kunawezekana, lakini ufanye kabla ya siku ya kuanza, kwa simu kwanza na barua baadaye.

Siku ya kuanza, nenda na nakala zako: mkataba, barua pepe ya marekebisho mliyokubaliana, cheti cha utumishi, na ile fomu ya maombi ambayo ulijibu swali la kufukuzwa. Nakala hizo zikae nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazini. Na usiifute bado orodha yako ya waajiri wengine. Ifunge siku utakayopewa barua ya kuthibitishwa kazini.